Nilichomoa Matumbo ya Kompyuta ya Meneja

Sehemu ya Sita

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilikupita, shika haya machache twende pamoja.

Mimi ni Vumilia, karani wa taipu katika kampuni moja ya pamba hapa Shinyanga. Jina la kampuni nalihifadhi. Misimu minne nimeendesha lori lao la pamba kutoka vijijini hadi kiwandani, kwa sababu dereva mwenyewe alikuwa mgonjwa wa chupa na mimi leseni ninayo. Mgodi mkubwa unaojengwa kule Segese ulipotangaza kutafuta madereva wa yale malori yenye matairi marefu kuliko mtu, nikaenda. Mwanamke nilikuwa peke yangu kwenye foleni nzima.

Hatua ya kwanza hawakupi lori. Wanakukalisha mbele ya kompyuta yenye usukani na pedeli, barabara iko kwenye kioo, unaendesha huku wanakupima macho na mikono. Nilitumbukia korongoni mara tatu. Wanaume walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Msimamizi akaniambia, "Rudi tarehe kumi na nane Agosti. Ukishindwa na siku hiyo, mama, karudie mashine yako ya taipu."

Nikamjibu, "Siku hiyo nitakuja kuchukua funguo."

Maneno rahisi hayo. Kazi ilikuwa kuyatimiza.

Bwana Harish, mwenye duka la redio na kompyuta karibu na stesheni ya reli, alinihurumia. Mpwa wake Ankit alikuwa amekwenda ng'ambo kusoma, akaacha usukani wa kuchezea, pedeli zake, na disketi za mchezo wa mashindano ya magari. Bwana Harish akaniazima vyote. Kompyuta nilikuwa nayo, kuukuu, ile ambayo ofisi yetu iliitupa stoo nikaibeba kwa baiskeli hadi chumbani kwangu Ngokolo.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Leo nakiri. Lakini msinisubiri nilie.

*

Siku ya kwanza niliwasha mchezo, nikakamata usukani, nikakanyaga mafuta.

Gari likakohoa. Likasimama. Likaruka. Nakata kona sasa hivi, gari linakata nikiwa nimeshaingia ukutani. Picha zinakuja moja moja kama mzee anayepanda ngazi.

Nikarudi kwa Bwana Harish.

"Mama Eufrasia," akasema, maana ananiita kwa jina la mwanangu, "usukani mzuri, mchezo mzuri, lakini umemfunga punda kwenye treni."

"Nibadilishe nini?"

"Sanduku acha. Kioo acha. Kibodi acha. Badili vitu vitatu vya ndani. Bodi kubwa, hii inayobeba kila kitu. Prosesa, ndiyo inayofikiri. Na memori, ndiyo inayokumbuka. Ukishabadili hivyo, mashine ni nyingine."

"Unavyo?"

"Ninavyo."

Akanitajia bei. Nikacheka, na siyo kwa furaha. Mume wangu Masele yuko Kalangalala mwaka wa tatu anachimba dhahabu ambayo mimi sijawahi kuiona hata rangi yake. Mwanangu analelewa na bibi yake. Ningevitoa wapi vitu hivyo?

Bwana Harish hakuwa na cha kunikopesha zaidi ya maarifa. Alinifunulia mashine mbovu iliyokuwa dukani, akanionyesha jinsi bodi inavyofunguliwa, skrubu kwa skrubu. Akanionyesha plagi mbili za umeme zinazoingia ubavuni.

"Nyaya nyeusi ziangaliane katikati. Ukikosea, mama, utaona moshi, halafu hutaona kitu kingine."

Nikajifunza. Nilipoweza kuifungua na kuifunga nikiwa naongea habari nyingine, nikajua niko tayari.

Tayari kwa nini, hilo sikumwambia.

*

Ofisini kwetu kulikuwa na kompyuta moja mpya. Iko mezani kwa meneja wetu, Bwana Athanas, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Kazi zote tulifanya sisi makarani kwenye mashine za taipu. Yeye ile kompyuta aliitumia kucheza karata. Asubuhi karata, baada ya chai karata.

Sanduku lake lilikuwa sawasawa na langu. Ukubwa ule ule, rangi ile ile ya maziwa yaliyochacha.

Umeshanielewa.

Sikukuu ya Saba Saba watu wote walikwenda viwanjani kuangalia ngoma na mpira. Mimi nilikwenda ofisini na kikapu. Chini ya kikapu kuna matumbo ya kompyuta yangu kuukuu, bodi, prosesa na memori, nimeyafunga kwenye kanga. Juu nimeweka unga.

Getini alikuwa mlinzi wetu, mzee Bujiku, mwenye goti bovu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mayu," akajibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Na sikukuu hii unafanya kazi?"

"Barua za meneja zimenilemea."

"Wabeja, asante sana, mwanangu. Mungu anawaona wachapakazi."

Hakuangalia kikapu. Kazi yake ilikuwa kuangalia vikapu vyote, vya kuingia na vya kutoka. Changu hakukiangalia, kwa sababu ni mimi.

Nilifanya kazi ile kwa saa moja na nusu. Mlango nimefunga kwa ndani, bisibisi mkononi, jasho linanidondokea kwenye vyuma. Nikachomoa vyao, nikapachika vyangu. Nyaya nyeusi zikaangaliana. Nikawasha. Kompyuta ya meneja ikaamka polepole, ikajikokota, ikafika. Nikafungua karata. Zikaja.

Nikarudisha kitambaa cha kufuma, nikakinyoosha pembe zote nne.

Nilijiambia: mtu asiyejua anacho, hajaibiwa. Mpaka leo sijui kama niliamini.

*

Jioni ile ile nikawasha mashine yangu mpya.

Ndugu msomaji, gari lilikwenda!

Nakata, linakata. Nafunga breki, linafunga. Barabara ikatiririka kama mafuta ya alizeti. Pedeli nilizipigilia kwenye ubao zisitembee, nikawa nakanyaga miguu mitupu. Nikamaliza raundi mbili, tatu, nne.

Raundi ya tano kioo kikaganda. Gari limesimama hewani, sauti inalia mfululizo kama nyuki. Nikazima, nikawasha. Robo saa tu, ikaganda tena.

Wiki nzima ikawa hivyo. Robo saa, kimya. Robo saa, kimya. Nikaona Agosti inakuja mbio na mimi nimeiba kilema.

Nikalifunga sanduku lote kwenye baiskeli, nikampelekea Bwana Harish. Alifungua, akachungulia, akanitazama mimi kwanza kabla ya kutazama mashine.

"Vitu hivi umepata wapi?"

"Ndugu yangu wa Mwanza."

Aliiwasha, akaiacha mpaka ikaganda, akaizima. Aling'oa feni, akagusa prosesa kwa kidole, akakitoa haraka. Imechemka kama sufuria. Juu yake kuna karatasi nyembamba ya kung'aa, imeandikwa namba ya mwendo wake, mia mbili thelathini na tatu. Pembe moja ilikuwa imeanza kunyanyuka kwa joto.

"Bandua," akasema.

Nikaibandua. Chini yake kuna maandishi mengine, yale ya kiwandani: mia moja sitini na sita.

"Prosesa hii imevishwa koti la kaka yake," akasema Bwana Harish. "Wanachukua yenye nguvu ndogo, wanaibandika namba kubwa, wanailazimisha ikimbie kuliko uwezo wake. Ikichemka, inaanguka. Huyo ndugu yako wa Mwanza ametapeliwa."

Nikajua mara moja. Kompyuta ile ililetwa ofisini na shemeji yake Bwana Athanas. Sisi makarani tulitaipu barua za kuipokea: mashine mpya kabisa, namba kubwa, sifa tele.

Kumbe meneja naye alikuwa na lake.

Bwana Harish akahamisha vijipini viwili kwenye bodi, akairudisha prosesa kwenye mwendo wake halali. Akasugua ile karatasi ya kung'aa kwenye viganja, akaitupa kwenye pipa lake la takataka.

"Sasa itakimbia kwa miguu yake. Polepole kidogo, lakini haitaanguka."

Haikuanguka tena. Saa mbili, saa tatu, inakwenda. Kufikia katikati ya Agosti nilikuwa namaliza raundi arobaini bila kugusa ukuta. Nilikuwa nalala naziona kona. Nilikuwa nataipu barua za pamba huku miguu inakanyaga breki chini ya meza.

Mwacheni msimamizi aje na korongo lake.

*

Jumanne, tarehe kumi na saba Agosti. Kesho yake ndiyo Segese. Ruhusa nimeomba, nguo nimepiga pasi.

Asubuhi hiyo Bwana Athanas alikuwa na fundi kutoka Mwanza. Karata zilikuwa zinamjia polepole mwezi mzima, akachoka. Fundi akafungua sanduku, akapuliza vumbi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwetu:

"Mzee, hii siyo mashine yako. Humu ndani kuna vyuma vya zamani. Umeibiwa."

Ofisi ikawa moto. Meneja akapiga kelele, viti vikasukumwa. Kabla ya chai ya saa nne polisi wawili wakaja, na mtu waliyemkamata alikuwa mzee Bujiku. Nani mwingine? Ndiye mlinzi. Ndiye maskini. Walimtoa na lile goti lake, kofia imeanguka, hakuna aliyeiokota.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo linanichoma kuliko wizi wenyewe.

Nilikaa. Nilirudi kwenye kiti changu nikaendelea kutaipu. Barua kwa vyama vya msingi vya wakulima, kurasa mbili, bila kosa hata moja, nilidhani. Kichwani nilikuwa nasema: kesho Segese, keshokutwa nitasema. Keshokutwa. Nikishapata kazi nitamwekea wakili.

Nilipotoa ukurasa wa pili nikasoma nilichoandika. Chini, mahali pa jina la meneja, nilikuwa nimetaipu Bujiku.

Nikasimama. Nikaokota kofia ya mzee. Nikatoka.

*

Kituoni nilimkuta Afande Donatus, mkuu wa zamu, mtu mpole wa sauti, macho hayapepesi. Bwana Athanas alikuwa ameketi mbele yake anaandikisha maelezo. Mzee Bujiku yuko chini, mgongo ukutani.

"Afande," nikasema, "mwachie huyu mzee. Niliyechukua ni mimi."

Bwana Athanas akageuka. "Vumilia, umeugua?"

"Mzima kabisa. Nilibadili Saba Saba, mchana kweupe. Vitu viko chumbani kwangu Ngokolo, vinafanya kazi. Nenda kavichukue."

Afande akaweka kalamu chini. "Uliviiba ili uviuze?"

"Niviuze? Naendesha gari navyo."

Askari kijana aliyekuwa mlangoni akacheka. Afande hakucheka. Akaniuliza yote, nikamweleza yote, mtihani, usukani, korongo. Aliponiuliza kama najuta, nikamwambia ukweli.

"Kwa mzee huyu najuta mpaka mifupa. Kwa meneja, hapana. Yeye alikuwa anachezea karata. Na isitoshe, Afande, kilichokuwa humo ndani ni feki."

Nikaona rangi ya Bwana Athanas ikibadilika.

"Feki vipi?" akauliza Afande.

"Barua ya mapokezi niliitaipu mimi. Ilisema mia mbili thelathini na tatu. Nenda kaifungue kompyuta uone prosesa iliyomo. Ni ndogo, imebandikwa namba ya uongo. Muulize meneja nani aliileta."

Mzee Bujiku akanyanyua uso kwa mara ya kwanza.

"Twende Ngokolo," akasema Afande.

Tulikwenda na gari la polisi, mimi katikati. Majirani wakajaa mlangoni. Nilifungua kufuli kwa mkono wangu, nikachukua bisibisi yangu mwenyewe, nikafungua sanduku mbele yao. Moyoni nilikuwa nafurahi, nasema wewe Athanas, leo tunaanguka wote wawili.

Nikang'oa feni. "Haya, Afande, soma."

Afande akainama. "Mia moja sitini na sita."

"Umeona?"

Bwana Athanas naye akainama. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka, rangi yake ilikuwa imerudi, na alikuwa na sura ya mtu aliyeokota kitu njiani.

"Afande," akasema polepole, "hii siyo prosesa yangu. Yangu ilikuwa mia mbili thelathini na tatu, barua ipo, na huyu mama amekiri kwa mdomo wake kwamba aliitaipu yeye. Yangu ameiuza. Ameweka hii ya bei poa, na sasa anataka kunichafulia jina."

Nikamgeukia Afande.

"Ile karatasi ya namba ya uongo iko wapi?" akauliza Afande.

Iko wapi! Pipa la taka la mwezi mzima uliopita.

"Bwana Harish aliiona," nikasema. "Aliishika. Yeye ndiye aliyenionyesha. Twendeni kwa Bwana Harish!"

*

Dukani Bwana Harish alikuwa anafuta vumbi kwenye redio. Alipotuona tunaingia, mimi, Afande, meneja na askari, kitambaa kilibaki hewani.

Wa kwanza kusema alikuwa Bwana Athanas, na alisema akitabasamu.

"Habari za siku, Bwana Harish. Mwezi ujao ofisi yetu inanunua kompyuta sita. Nilikuwa napanga kupita kwako."

Afande akamkatiza. "Subiri." Akaweka prosesa juu ya kaunta ya kioo. "Bwana Harish, huyu mama anasema uliiona hii mwezi uliopita, ikiwa na namba nyingine juu yake, na kwamba mlibandua hapa hapa. Ni kweli?"

Bwana Harish akaichukua. Akaigeuza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Alimtazama meneja, akatazama mashelufu yake yenye bidhaa za miaka mitatu zisizonunuliwa. Mimi hakunitazama.

"Bwana Harish," nikasema, "ni mimi, Mama Eufrasia."

"Huyu mama namfahamu," akasema. "Nilimwazima usukani wa mpwa wangu. Lakini prosesa hii..." Akaiweka chini taratibu, kama yai. "Sijawahi kuiona."

*

Tulirudi kituoni saa tisa. Mzee Bujiku aliachiwa. Nilimpa kofia yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akanitazama.

"Mayu," akasema, "mimi nina wajukuu saba. Ungeniambia siku ile ile getini, ningekukataza. Ungenichukia, lakini usingekuwa hapa."

Akaondoka akichechemea.

Afande Donatus akanisogezea karatasi ya maelezo iliyokwisha kuandikwa. Nikaisoma mstari kwa mstari. Saba Saba, ndiyo. Kikapu, ndiyo. Bodi na memori, ndiyo. Mstari wa nne ulisema: *na prosesa halisi ya kampuni niliiuza kwa mtu nisiyemjua.*

"Hili sikulifanya."

"Vumilia," akasema Afande, na sauti yake ilikuwa kama ya kaka, "nisikilize. Umekiri kosa, siyo mtu wa kukimbia. Ukitia saini sasa hivi, nakupa dhamana leo. Kuna basi la Kahama jioni, asubuhi unadandia gari la Segese, unawahi mtihani wako. Mambo ya mahakama yatakuja baadaye. Usipotia saini, unalala ndani, na kesho itapita."

Bwana Athanas alikuwa amesimama dirishani, mikono mfukoni, ananitazama kama mtu anayesubiri karata ya mwisho igeuke.

Nikaiona ile foleni ya wanaume. Nikaliona korongo. Nikajiona nimekaa mbele ya usukani, natoka kona ya mwisho, hawacheki tena.

"Kalamu," nikasema.

Afande akanipa. Bwana Athanas akatoa pumzi.

Nikainama juu ya karatasi ya serikali. Nikaukata mstari wa nne, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka wino ukatoboa upande wa pili. Pembeni yake nikaandika kwa herufi kubwa: NILIIBA FEKI. MWENYE FEKI AMESIMAMA DIRISHANI. Chini nikatia saini yangu kamili, majina yote matatu.

Afande Donatus akaivuta karatasi, akaisoma. Halafu akainuka kitini, akafunga mlango wa ofisi, sisi watatu tukiwa ndani, akatia ufunguo mfukoni.

"Bwana Athanas," akasema, "mwongo angetia saini akawahi basi lake. Toka dirishani. Kaa."